Maneno ya mwaka 1935 katika sheria za intaneti za Afrika Mashariki

Mwezi Juni mwaka 2025, mwalimu na mwanablogu wa Kenya, Albert Ojwang, mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay, akasafirishwa kwa gari zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi na kuwekwa katika kituo cha polisi cha Central. Usiku huo huo akafariki dunia. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti haukuafiki maelezo hayo: ulikuta majeraha ya kichwa, alama za kubanwa shingo na michubuko mwilini. Baadaye watu 6, wakiwemo askari polisi, walishitakiwa kwa mauaji.

Hakuna sheria ya Kenya inayoruhusu kilichomfika Ojwang ndani ya kituo kile. Lakini ipo haja ya kuuliza ni kitu gani kilichomfikisha hapo. Hakuwa ameiba wala kuvunja nyumba ya mtu. Alikamatwa kufuatia malalamiko ya afisa mwandamizi wa polisi kuhusu maandishi katika mtandao wa X, na tuhuma iliyotajwa ilikuwa kuchapisha habari za uongo.

Kosa la namna hiyo, yaani kosa la kuandika jambo la uongo, la kuudhi au la kukera kwa kutumia chombo cha mawasiliano, limo kwa sura moja au nyingine katika sheria za Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingi wanakoishi wasomaji wa ukurasa huu. Wengi hudhani kuwa limezaliwa pamoja na Facebook. Kwa hakika ni kongwe kuliko uhuru wa nchi zetu zote.

Wapokea simu wa London

Katika miaka ya 1930 mtu aliyetaka kupiga simu Uingereza, aghalabu alizungumza kwanza na mpokea simu, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke aliyekaa mbele ya ubao wa nyaya, akiwaunganisha watu kwa mkono. Walikuwapo wanaume waliopiga simu kwa lengo la kumtukana tu, au kumwambia maneno machafu. Mwaka 1935 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria ya Posta, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya simu, na kulifanya kuwa kosa kupeleka kwa simu ujumbe wenye kuudhi mno, ujumbe mchafu au wa vitisho.

Katika kifungu hicho hicho liliongezwa kosa la pili: kupeleka kwa simu au kwa telegramu habari ambayo mpelekaji anajua kuwa ni ya uongo, kwa makusudi ya kumuudhi mtu mwingine, kumsumbua, au kumtia wasiwasi usio na sababu. Ni rahisi kuelewa kilichokusudiwa. Telegramu ilikuwa ni kikaratasi cha maneno machache, na aghalabu ilileta habari za msiba. Aliyempelekea jirani yake telegramu ya uongo kwamba mama yake amefariki, ili amwone akihangaika kutafuta nauli, alistahili kuadhibiwa.

Tuzingatie mipaka ya kosa lile. Chombo kilikuwa cha umma, kilichoendeshwa kwa fedha za umma. Ujumbe ulitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, na aliyeudhiwa alijulikana, awe ni mpokea simu mwenyewe au mwenye kupokea telegramu. Hapakuwa na anayeweza kupiga simu moja ikasikika na watu laki moja.

Sheria ile ilirithiwa na kunakiliwa tena na tena: mwaka 1953, 1969, 1981, 1984, na hatimaye katika kifungu cha 127 cha Sheria ya Mawasiliano ya Uingereza ya mwaka 2003. Nasaba hiyo ilielezwa na Lord Bingham, jaji wa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika hukumu ya mwaka 2006. Simu za kuunganishwa kwa mkono zilikuwa zimekwisha kupotea, na telegramu nayo imezikwa, lakini maneno yalibaki vile vile.

Na maneno ya sheria husafiri. Mtunga sheria wa Nairobi au New Delhi anapotakiwa kuandaa muswada wa mawasiliano kwa haraka, mara nyingi hufungua kitabu cha Uingereza kwanza. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, kilibeba karibu sentensi nzima ya mwaka 1935: ujumbe wenye kuudhi mno, mchafu au wa vitisho, ujumbe wa uongo wa kuudhi, kusumbua au kutia wasiwasi usio na sababu. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya, kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. India nayo iliingiza maneno ya ukoo huo huo katika kifungu cha 66A cha sheria yake ya teknolojia ya habari, kwa marekebisho ya mwaka 2008.

Kuudhi ni nini?

Mhariri yeyote aliyewahi kukaa na kazi ya kutafsiri habari za mahakamani atakuambia kuwa neno hili la Kiingereza lililotumika katika sheria hizo halina pacha mmoja katika Kiswahili. Tunaweza kusema kuudhi, kukera, kubughudhi, kuchukiza, kero, maudhi. Kila moja lina uzito wake. Kero ni maji kukatika. Bughudha ni jirani apigaye muziki usiku wa manane. Maudhi yaweza kuwa ni kule kutosalimiwa tu.

Isitoshe, Kiswahili ni lugha iliyolifanya hilo la kuudhi kuwa fani. Mwanamke wa Pwani anaweza kununua khanga kwa ajili ya jina lake tu, akaivaa akapita mbele ya mlango wa jirani, na ujumbe ukafika bila neno moja kutamkwa. Taarabu ina mipasho, watani wana utani wao, na washairi wamejibizana kwa mafumbo tangu zamani. Katika mambo hayo yote, kuudhika ni sehemu ya mchezo, na mwenye kuudhika hujibu kwa khanga nyingine. Ukimwuliza hakimu apime kwa sheria kama fumbo fulani limevuka mpaka, humpi kipimo chochote isipokuwa moyo wake mwenyewe, au mbaya zaidi, moyo wa mlalamikaji.

Hili si suala la wanalugha peke yao. Jambo la msingi katika sheria za jinai ni kwamba raia aweze kujua kabla ya kutenda kama anachotaka kutenda ni kosa. Mwizi wa kuku anajua. Mtu anayeandika kwamba mbunge wake amelala kazini hawezi kujua, maana kosa litategemea jinsi mbunge atakavyoamka.

Mahakama zapima

Uingereza yenyewe ilionja taabu ya kifungu hiki. Mwezi Januari mwaka 2010, kijana mmoja aliyehofia kuwa theluji ingemzuia kusafiri aliandika katika Twitter, kwa mzaha, kwamba angeulipua uwanja wa ndege wa Robin Hood ulioko kaskazini mwa England usipofunguliwa baada ya wiki moja na ushei. Alikamatwa, akatiwa hatiani chini ya kifungu cha 127, akatozwa faini na kupoteza kazi. Ilichukua hadi mwezi Julai mwaka 2012 ndipo mahakama ya juu zaidi ikafuta hukumu hiyo, ikisema kuwa ujumbe usiomtia hofu mtu mwenye akili timamu hauwezi kuitwa kitisho.

Huko India, mwezi Novemba mwaka 2012, wasichana wawili walikamatwa karibu na Mumbai. Mmoja aliuliza katika Facebook kwa nini jiji zima lifungwe kwa sababu ya kifo cha mwanasiasa Bal Thackeray, na mwenzake alibonyeza tu kuonyesha kuwa ameipenda kauli hiyo. Mwanafunzi wa sheria, Shreya Singhal, alifungua shauri, na tarehe 24 Machi 2015 Mahakama ya Juu ya India ikakifuta kifungu cha 66A chote, kwa hoja kwamba maneno yake ni mapana mno kiasi cha kumnasa karibu kila mtu.

Kenya ilifuata mwaka mmoja baadaye. Mtengenezaji wa tovuti mmoja alikuwa ameshitakiwa kwa maandishi ya Facebook ya mwezi Aprili mwaka 2015, yaliyomtuhumu mtu aliyehusika na utoaji wa misaada ya masomo kuwa anawadhulumu wasichana wanaoitafuta misaada hiyo. Badala ya kusubiri kesi isikilizwe, alikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu chenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kifungu cha 29 kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Alieleza kuwa sheria haikufafanua lipi ni la kuudhi mno, lipi ni la kusumbua, wala wasiwasi upi hauna sababu, hivyo maana iliachwa kwa kila msomaji. Kwa aliyechafuliwa jina, alisema jaji huyo, sheria za madai ya kashfa zipo.

Mwezi Februari mwaka 2017, Mahakama Kuu hiyo hiyo ilikwenda hatua moja mbele na kukifuta kifungu cha kanuni ya adhabu kilichoifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mambo yamekwisha.

Yarudi kwa mlango wa uani

Tarehe 16 Mei 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilihusu udukuzi, wizi wa data na ulaghai, mambo ambayo hakuna mtu mwenye busara anayeyatetea. Lakini katikati yake kulikuwa na kifungu cha 22, juu ya kuchapisha habari za uongo kwa makusudi, chenye faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Na miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo ni uongo wenye kuathiri sifa za watu wengine. Kwa maneno mengine, kashfa ya jinai iliyotolewa mwaka uliotangulia ilirudishwa, safari hii ikiwa imevaa nguo za kompyuta. Kifungu cha 23, kuhusu uongo wa kuzua taharuki, kilifika hadi kifungo cha miaka 10.

Msomaji alinganishe mwenyewe. Kifungu kilichofutwa mwaka 2016 kwa kuwa kinakandamiza kilikuwa na faini ya shilingi 50,000 na miezi 3. Kilichokuja miaka 2 baadaye kilizidisha faini mara 100 na kifungo mara 8.

Chama cha wanablogu wa Kenya kilikwenda mahakamani, na siku 13 tu baada ya saini ya Rais, Jaji Chacha Mwita alivisimamisha vifungu 26. Vilikaa hivyo hadi tarehe 20 Februari 2020, Jaji James Makau alipoamua kuwa vyote vinaafikiana na Katiba. Chama kilikata rufaa. Mwezi Oktoba mwaka 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho yaliyopanua kosa la unyanyasaji wa mtandaoni, likagusa hata mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajidhuru. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikazuia kwa muda sehemu hizo zisitumike, kufuatia shauri lililofunguliwa na mwanamuziki na mwanasiasa Reuben Kigame pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi isiyo ya kiserikali.

Uganda imepita njia inayofanana na hiyo. Kifungu cha 25 cha sheria yake ya kompyuta ya mwaka 2011 kiliadhibu mawasiliano ya kuudhi, yaani kuvuruga utulivu wa mtu kwa njia ya elektroniki. Mahakama ya Katiba ilikifuta mwezi Januari mwaka 2023. Lakini miezi mitatu kabla ya hukumu hiyo, Rais Yoweri Museveni alikuwa amekwisha kutia saini marekebisho ya mwaka 2022 yenye makosa mapya kuhusu habari za nia mbaya na habari zisizoombwa. Mtu anaweza kuamini kuwa ni sadfa.

Tanzania: kima cha chini

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ilipitishwa na Bunge mwezi Aprili mwaka 2015, na kuanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu chake cha 16 kilimlenga mwenye kuchapisha habari anayojua kuwa ni ya uongo, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma.

Jambo moja katika kifungu hicho halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Kenya ilisema adhabu isizidi kiasi fulani. Ya Tanzania iliandikwa kinyume chake: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hakimu aliyeona kwamba mshitakiwa ni kijana mjinga aliyepitiwa na ulimi, na kwamba onyo lingetosha, alikuwa amefungwa mikono na kifungu chenyewe. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3 kwa maneno ya Facebook yaliyohesabiwa kuwa ni tusi kwa Rais John Magufuli.

Neno letu la kale halikuchelewa kufika. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wanablogu walipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa leseni na ada zake, ziliyapiga marufuku pia maudhui yenye kusababisha maudhi. Hazikutaja yamuudhi nani. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, lakini wapo waliokwisha kufunga blogu zao mwaka ule wa kwanza, na baadhi yao hawakuzifungua tena.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, silaha kali zaidi katika sheria ya 2015 haikuwa kifungu cha 16. Ilikuwa ni mamlaka iliyopewa polisi ya kudai data. Kifungu cha 32 kilimruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa cheo kinacholingana na chake, kutoa amri ya maandishi kwa yeyote mwenye data inayohitajika katika upelelezi, bila kwanza kupitia kwa hakimu. Na kifungu cha 22 kikamfanya anayekataa kuwa mhalifu kwa kuzuia upelelezi.

Aliyeyapata hayo ni Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006 na kujulikana kama mahali pa kufichua ufisadi. Polisi walitaka majina ya waandishi wasiojitambulisha waliotuhumu makampuni kwa mambo kama ukwepaji wa kodi. Melo alikataa. Alikamatwa mwezi Desemba mwaka 2016, akafunguliwa kesi tatu, na katika miaka iliyofuata alihudhuria mahakama ya Kisutu mara nyingi kuliko mawakili wengi wa Dar es Salaam. Mwezi Aprili mwaka 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo kwa kuzuia upelelezi, na kuamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Swali kama tuhuma za waandishi wale zilikuwa za kweli au za uongo halikuwa na nafasi katika kesi hiyo.

Anayeibiwa kwa simu

Wapo wanaosema kuwa wakosoaji wa sheria hizi wanataka mtandao uwe pori lisilo na mwenyewe. Hoja hiyo inastahili jibu.

Mtandao una majangili wa kweli. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa kumtaka atume "ile hela" kwenye namba nyingine. Wapo wanaosajili upya laini ya mtu mwingine na kuikomba akiba yake kabla hajang'amua kwa nini simu imekosa mtandao. Wapo wanaume wanaosambaza picha za faragha za wanawake walioachana nao. Kanuni za adhabu tulizorithi kutoka kwa wakoloni hazikuwa na la kusema juu ya data, wala juu ya mtu anayeingia katika kompyuta ya benki akiwa nchi nyingine. Sheria mpya ilihitajika, na vifungu vya Tanzania kuhusu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kunasa mawasiliano ya watu, ulaghai, kujifanya mtu mwingine na picha za ngono za watoto vilijaza pengo la kweli.

Lakini kipo kipimo cha kuonyesha wapi hitaji hilo linaishia. Mkataba wa kwanza wa kimataifa juu ya uhalifu wa mtandao ulifunguliwa kwa saini mjini Budapest mwezi Novemba mwaka 2001, na nchi nyingi zimeutumia kama kielelezo. Katika orodha yake mna udukuzi, uharibifu wa data, ughushi, ulaghai, picha za ngono za watoto na uvunjaji wa haki miliki. Hamna kosa la kuandika uongo, na hamna kosa la kuudhi. Hayo yaliongezwa nyumbani.

Kuchanganya mambo haya mawili katika sheria moja kuna faida kwa watawala. Mbunge anayepinga kifungu cha uongo huambiwa kuwa anawatetea wezi wa pesa za simu. Kuna hasara pia, nayo humwangukia raia wa kawaida: aliyeibiwa laki tatu hupewa namba ya RB na kuambiwa asubiri, ilhali aliyemwandika mkubwa vibaya hufuatwa kwa gari hadi kijijini kwao.

Na hata vile vifungu vya udukuzi, ambavyo havina neno la utata, vinaweza kupindwa. Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka 2025, mwanamke mmoja mtaalamu wa programu alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia Wakenya kupeleka bungeni, kwa barua pepe, pingamizi zao dhidi ya Muswada wa Fedha. Alishitakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Mahakama iliitupa kesi mwezi Juni, ikisema kuwa maelezo ya mashitaka hayakuonyesha kosa lolote. Katiba ya Kenya inawataka raia watoe maoni juu ya miswada, na Bunge lenyewe ndilo lililoitangaza anwani hiyo ya barua pepe.

Walio ughaibuni

Tunaoishi nje tuna desturi ya kujiona tuko salama, au kinyume chake, kuamini kuwa kila neno letu linahesabiwa nyumbani. Ukweli unategemea pale simu ilipo, na pale mwenye simu atakapokwenda.

Msemaji wa Kiswahili aliyeko Muscat huangaliwa kwanza na sheria ya Oman. Sheria ya uhalifu wa mtandao iliyotolewa kwa amri ya Sultani nambari 12 ya mwaka 2011 iliweka, katika kifungu cha 19, kifungo cha kuanzia mwezi mmoja hadi miaka 3 kwa mwenye kusambaza jambo linalodhuru utulivu wa umma au maadili ya dini. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa sheria ya mwaka 2021, uliweka faini ya dirham 250,000 hadi 500,000, pamoja na uwezekano wa kifungo, kwa kumtukana mtu kwa njia ya mtandao. Na tusi hilo halihitaji kusomwa na umma. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kati ya watu wawili waliogombana juu ya kodi ya chumba umewahi kuwafikisha watu mahakamani huko Dubai. Aliyezoea kutukanana na ndugu zake wa Mombasa kwa mapenzi ayajue hayo kabla ya kubonyeza.

Kuhusu nyumbani, kifungu cha 30 cha sheria ya Tanzania kilizipa mahakama uwezo wa kusikiliza kosa lililotendwa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, ndani ya nchi. Pia kilimtaja raia wa Tanzania aishiye nje, ikiwa alilotenda ni kosa vile vile kwa sheria ya nchi anayoishi. Sharti hili la pili ni kinga, lakini ni kinga iliyotobolewa na lile la kwanza: maandishi yanayoandikwa Reading na kusomwa Tabora yametendwa wapi? Mwendesha mashitaka anaweza kudai kwamba sehemu ya kosa imetimia Tabora. Swali hilo halimgusi mtu akiwa Reading, bali siku atakayotua uwanja wa ndege kwa ajili ya mazishi ya mzazi wake.

Huko Uingereza, maneno ya mwaka 1935 yalikuja kuguswa na mkono wa waliyoyatunga. Sheria ya Usalama wa Mtandaoni ya mwaka 2023 iliondoa, kwa England na Wales, lile kosa la uongo wa kuudhi, kusumbua na kutia wasiwasi, na mahali pake, kuanzia tarehe 31 Januari 2024, likawekwa kosa jipya. Sasa mshitaki lazima athibitishe kwamba mpelekaji alijua habari ni ya uongo, kwamba alikusudia kuwadhuru kimwili au kiakili wale ambao ujumbe ungewafikia, madhara ambayo si madogo, na kwamba hakuwa na sababu ya maana ya kufanya hivyo. Vyombo vya habari vinavyotambulika havikuwekwa chini ya kosa hilo. Sheria hiyo nayo ina wapinzani wake, na lile kosa jingine la ujumbe wenye kuudhi mno liliachwa lilivyo. Lakini kumuudhi mtu kwa uongo, bila kukusudia kumdhuru, hakutoshi tena kumfikisha Mwingereza gerezani kwa kifungu hicho.